Aya ya Nne

Mimi kazi yangu kugonga muhuri.
Siamui kitu. Nagonga: IMEPOKELEWA, na tarehe chini yake,
wino wa zambarau ukinigandia kidoleni
mpaka wanangu huniuliza leo nimempigia nani kura.

Jalada lile lilikuja masika, limevishwa kiroba cha unga lisilowe.
Dokta Subilaga alilileta mwenyewe, viatu mkononi,
maana Jangwani palikuwa pamejaa.
Kurasa mia mbili na kumi na moja:
nishati ya kupikia, kaya mia nne,
Tandale, Buguruni, Mbagala.
Fedha: za umma.
Kiambatisho: daftari moja la mistari, jalada la bluu, limenuka vitunguu.

La Bi Siwema, mama lishe.
Siku tisini amepima mkaa wake kwa mizani ya kuazima,
ameandika kwa penseli, herufi zimelala upande mmoja
kama watu wanaokimbia mvua:
*Leo tarehe kumi na tisa gesi imeisha. Nimerudi kwenye kopo.*
Nikasema moyoni, dada, hata kwangu.

Mkaguzi wa kwanza alitaka majedwali yasogezwe.
Wa pili alikuwa safarini.
Wa tatu aliuliza pembeni, kwa wino mwekundu: "Umma ni nani hapa?"
na swali likabaki hapo, halina mwenyewe.
Jalada likapanda treni ya umeme kwenda Dodoma,
likarudi, likaenda tena.
Mimi treni hiyo sijaipanda.

Agosti kamati ikakaa, ghorofa ya sita,
korosho kwenye visahani, madirisha yasiyofunguka.
Mwenyekiti, Bwana Kaijage, husoma kila neno.
Nisimsingizie: ukurasa wa themanini na nane
aliliona gunia lililohesabiwa mara mbili,
na Dokta mwenyewe alishika kichwa.

Ndipo wakafika aya ya nne.
*Kwa anayenunua kwa kopo, mkaa bado una nafuu
kuliko mtungi unaotaka fedha yote kwa mkupuo.*
Mmoja akasema, "una nafuu" ni kali, tuweke "huonekana".
Mwingine, "kwa baadhi".
Mwingine, ihamie viambatisho, isomwe na anayeitafuta.
Sentensi ikawa inakonda mezani, mimi nimesimama nayo,
nimeshika majalada mengine kumi na moja.

Umeme ukakatika.

Jenereta ikakohoa, ikanyamaza.
Joto likaingia kama mgeni asiyebisha hodi.
Bwana Kaijage akawasha tochi ya simu,
akafungua daftari la bluu, akasoma muda mrefu, midomo ikicheza.
Kisha akaniangalia. Miaka kumi na mitatu, mara ya kwanza.
"Wewe, nyumbani mnapikia nini?"
"Mkaa, mheshimiwa. Wa kopo.
Mtungi tunao. Mtupu. Tumeutandikia kitambaa, tunawekea redio."
Wakacheka, si kwa ubaya.

Aya ya nne ilibaki, na "kwa baadhi" yake.
Nikagonga: IMEIDHINISHWA, kwa masharti.
Dokta alipokuja aliisoma mara mbili, akikunja kona ya ukurasa.
"Wamebakisha," akasema. Sikujua ni furaha au hesabu.

Wiki iliyofuata akaja Bi Siwema mwenyewe,
kanga ya njano, jasho la ngazi, maana lifti nayo.
Anataka daftari lake.
Nikamwambia, mama, hili sasa ni nyaraka ya serikali.
"Mkaa wachukueni," akasema. "Nyuma nimeandika madeni."

Kweli. Kurasa nne za mwisho, zina muhuri wangu kila moja:
*Mama Shani, wali, elfu na mia tano.
Kinyozi, maharage, atalipa Ijumaa.
Fundi wa umeme, chapati nne, chai mbili,* tangu Februari.

Nikamtolea nakala.
Hayo kamati haikuyagusa.
Yalipita kama yalivyo.